Paa la Laini ya Mawe

Milango ya Laini ya Mawe ilikuwa na makomeo kwa nje. Kwa ndani hakukuwa na kitu, hata msumari. Wageni walipenda kutushauri tuegemeze kiti mlangoni tukilala, lakini mlango wenyewe ulifungukia nje, kwa hiyo kiti kingekuwa cha kujifariji tu. Mume wangu alipigilia msumari kwenye ubao, akauzungushia waya, akaniambia, "Sasa tuko salama." Nilikuwa bibi harusi mpya. Nilicheka, nikadhani mambo mengine ya nyumba ile yatarekebishwa hivyo hivyo, kwa waya.

Hiyo ilikuwa Kakamega, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba, na waajiri wake walimpa nyumba, kodi ikikatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Kwetu, upande wa Butali, habari kwamba nimeolewa katika nyumba ya mawe zilitangulia kufika kabla sijafunga virago. Shangazi zangu walipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza mawe yenyewe yamepangwaje.

Yalikuwa yamepangwa hivi. Jengo moja refu, kuta nene, paa moja la bati kutoka mwanzo hadi mwisho, na chini ya paa hilo vyumba vimefuatana kama punje kwenye gunzi. Walipoligeuza kuwa makazi walitoboa ukuta kati ya kila vyumba viwili, ili familia ipate pa kuketi na pa kulala. Tundu hilo hawakulitia hata fremu, na kila nilipopita na beseni nilikwaruza kiwiko. Madirisha yalikuwa membamba, juu kabisa, karibu na bati. Ukisimama kitandani uliona mawingu. Nilijua mvua inakuja kabla ya mtu mwingine yeyote mjini, lakini aliyesimama mlangoni kwangu sikuweza kumwona.

Kuta za kugawa vyumba hazikufika juu. Zilikomea kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, halafu pengo, halafu bati. Ukikwaruza sufuria, wa kule ncha ya pili ya jengo anajua mmekula nini. Ukigombana na mumeo, asubuhi unapewa pole kwenye foleni ya maji. Na sakafuni ulipita mfereji wa saruji, ukipenya chini ya kuta kutoka chumba hadi chumba, hivi kwamba maji ya vyombo vya jirani yalipita karibu na kitanda changu yakienda zake. Nililichukia jengo lile kwa moyo wangu wote. Mume wangu alikuwa akisema tutahama, nami nilikuwa nikisema sawa, na wote wawili tulijua hakuna pa kuhamia.

Lakini hayo makomeo ndiyo yaliyotutesa zaidi. Upepo ukiuchezesha mlango, au mbuzi wakizurura karibu, mpita njia mwenye adabu aliusukuma ukafungika, akatia komeo, akaenda zake akijua amekutendea wema. Kama uko ndani, umefungwa. Mimi nilifungiwa hivyo mara ya kwanza nikichambua maharagwe. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Kila mtu chini ya paa lile alinisikia, ila hakuna aliyejua sauti inatoka chumba kipi, kwa maana humo sauti ilizunguka juu ya kuta ikapotea. Nilikaa sakafuni mpaka mume wangu aliporudi na baiskeli yake, na maharagwe nilikuwa nimeyachambua mpaka yakawa safi kuliko ya harusi.

Jirani yangu wa upande wa kushoto, mama kutoka Mumias aliyeuza leso sokoni, ndiye aliyenifundisha dawa. Ukisikia hatua karibu na mlango wako, ita kwa sauti: "Niko!" Wanawake wote wa Laini walifanya hivyo. Tulisonga ugali tukiita "Niko!" Tulinyonyesha, tulipiga pasi, tuliomba Mungu, tukakatiza ombi katikati, "Niko!", tukaendelea. Mgeni akipita nje angedhani tunaitwa majina.

Zamani jengo lilikuwa nini, kila mtu alikuwa na lake. Mume wangu alishikilia kwamba lilikuwa zizi la farasi wa wazungu. Mama wa Mumias alisema hospitali ya wagonjwa wa tauni. Msimamizi wa nyumba, mtu wa kalamu mfukoni na maneno ya haraka, alisema ni ghala. Mimi sikuelewa ni ghala gani lenye kidirisha mlangoni. Kila mlango ulikuwa nacho, kidogo, cha ubao, usawa wa tumbo la mtu mzima. Vingi vilikuwa vimepakwa rangi juu ya rangi mpaka vikagandamana. Ni chumba cha mwisho tu, kilichopakana nasi upande wa kulia, ambacho hakikuunganishwa na kingine wala kupakwa rangi, ndicho ambacho kidirisha chake bado kilifunguka. Hakuna aliyetaka kuishi humo. Kilikuwa giza tupu.

Halafu mama yangu akapasuliwa jicho.

Jicho lake moja lilikuwa limekufa siku nyingi. Hilo lililobaki lilipata mtoto wa jicho, na mpaka tulipompeleka hospitali ya misheni kule Mukumu alikuwa akitambua watu kwa sauti na kuku kwa miguu. Daktari alilipasua, akalifunga bendeji, akatoa masharti. Asiiname. Asikae penye moshi. Arudi kusafishwa kila atakapoitwa, mpaka siku ya kufunguliwa. Akiyavunja hayo, jicho litaharibika, na hakuna jingine.

Nyumbani kwa mama jiko lilikuwa la kuni, na mashamba ya miwa yakichomwa majivu meusi yaliingia mpaka kwenye uji. Kutoka huko hadi Mukumu ni safari ya mtu mwenye macho. Wa karibu nilikuwa mimi peke yangu. Ama akae kwangu, ama apofuke. Njia ya tatu sikuiona.

Lakini kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake wa kiume. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo haina likizo. Ndipo nikakumbuka kile chumba cha mwisho. Kina mlango wake na dirisha lake. Mume wangu alimwendea msimamizi, akakubaliwa kwa mdomo tu, shingo upande. Nilikifagia, nikatandika kitanda, nikajisifu kwamba nina akili.

Nilimleta mama nimemshika mkono, kichwa chake kimefungwa kitambaa cheupe. Mjini mama alipenda kusema Kiswahili, hata na mimi, kwa heshima ya mji. Aliketi, akapapasa ukuta, akasifu ubaridi wake. Nikampa chai. Wakati huohuo mume wangu akaingia kwetu, upande wa pili wa ukuta, na kwa kuwa hakujua tumefika, akakohoa.

Mama akaweka kikombe chini. "Ni nani huyo?"

"Mkwe wako."

"Ako wapi?"

"Kwake. Upande ule."

"Upande gani, na anakohoa ndani ya kikombe yangu?"

Aliniambia nimtoe nje. Nikamtoa. Akaniambia niokote jiwe, nilitupe juu ya bati la mkwe. Nikalitupa. Lilibiringika, na bati likalia kutoka kwetu mpaka pale alipoinua uso akisikiliza.

"Hii ni nyumba moja," akasema. "Mimi nitarara nje."

Watu walianza kukusanyika, maana Laini ilikuwa na kiu ya vioja. Mama wa Mumias alimsalimu, "Asalamu aleikum, mama," ingawa alijua sisi ni watu wa kanisa, kisha akaweka mikono kiunoni. "Kama paa ndiyo nyumba, basi mimi ni mke mwenza wa huyu msichana wako. Hata yule mlevi wa kule mwisho ni mume yetu. Tunalalanga hapa sisi wote."

Mama alicheka mpaka akashika bendeji. "Wewe cheka tu," akamjibu. "Hiyo mume ya mtu, wewe hukumpatia msichana. Mimi nilimpatia."

"Mama, utapofuka," nikamwambia.

"Nitapofuka na heshima yangu."

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilitaka kumtikisa kama mtoto. Mbele yangu mama ameng'ang'ania fimbo yake, nyuma yangu mume amejificha nyuma ya ua wa michongoma asionekane na mkwewe, ambaye hata hivyo hakuwa akiona kitu. Nilisimama katikati nikabeba maneno ya huku na kupeleka kule, na sikuona mtu hata mmoja aliyenibebea ya kwangu.

Ndipo mume wangu akanong'ona kutoka kwenye miba: "Muulize, paa ikikatwa?"

Nikauliza. Mama akainua uso kuelekea bati. "Ikikatwa ni nyumba mbili."

"Na mbao?" mume wangu akanong'ona tena, nami nikapeleka. "Mbao zinapita zote."

Umati wote ukamngoja. "Mbao haifunikangi mtu," mama akahukumu. "Bati ndiyo inafunika."

Mume wangu alikuwa mtu mpole, mwoga wa wakubwa, mtu wa kuomba radhi akikanyagwa yeye. Sikuwahi kumwona akipanda juu ya kitu bila kuulizwa. Siku ile mama alipelekwa chini ya mti wa mpera, akageuzwa uso, naye mume wangu akapanda na mkasi wa bati aliouazima. Akaanzia juu kwenye kilele, akashuka upande mmoja, kisha upande wa pili, akifuata mstari wa ukuta kati yetu na chumba kile. Nyumba haikuwa yake. Kwa kazi ile angeweza kumwaga unga. Alipomaliza kulikuwa na ufa wa upana wa vidole, na ndani ya chumba mwanga uliingia ukalala juu ya ukuta.

Mama akataka jiwe litupwe tena. Likalia upande wetu, likanyamaza. Akainuka, akaingia kulala.

Akakaa. Nasi tukajifunza kuishi. Mume wangu akishikwa na kikohozi alikimbilia kwenye michongoma mkono mdomoni. Mvua ya Kakamega, ambayo haikosi miadi ya alasiri, iliingia kwenye ufa, ikateremka na ukuta, ikafika sakafuni, na ule mfereji nilioulaani siku zote ukaipokea na kuitoa nje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema asante kwa kitu chochote cha jengo lile. Mama alijifunza kuita "Niko!" akawa anaita kuliko sisi sote, hata kuku akipita.

"Kwa nini mnaitanga hivi?" aliniuliza.

"Ili wasitufungie. Komeo liko nje."

Akatikisa kichwa. "Nyumba gani hii," akasema, akaendelea kuchambua mboga kwa vidole.

Mchana nilikaa naye. Nilipika kwangu, nikabeba obusuma, ugali wa kwetu, uliofunikwa sahani mpaka kwake, tukala huku anasimulia. Tangu niolewe sikuwa na mtu wa kukaa naye ambaye sikulazimika kushusha sauti mbele yake. Chumba kilikuwa giza lakini juu kulikuwa na ule ufa, na nilipochoka nilitazama pale. Nilianza kumwomba Mungu lile jicho lipone, na papo hapo kuomba lisifanye haraka. Nilijua ni maombi ya mtu aliyechanganyikiwa.

Msimamizi alikuja kukagua. Aliona michirizi ya maji ukutani, akainua macho, akaona mbingu. Akauliza nani amekata paa la wenyewe. Mume wangu akasema ni yeye. Akamweleza habari za mkwe, na msimamizi, ambaye naye ni mtu wa huku na alielewa kila neno, alijifanya haelewi hata moja. Ufa uzibwe, na azibe yuleyule aliyekata, la sivyo tutoke. Mume wangu akaomba angojee mpaka jicho lifunguliwe. Aliomba vibaya, kofia mkononi, nikaona aibu, kisha nikaona aibu ya kuona aibu. Msimamizi akakubali. Siku ya kufungua bendeji ndiyo siku ya kufunga paa, akasema, wala asipewe sababu ya kurudi kutuambia mara ya pili.

Siku hiyo nilimpeleka mama Mukumu roho mkononi. Muuguzi alizungusha kitambaa akakitoa polepole, akatoa pamba, akasafisha. Mama alifumba, akafumbua, akafumba. Kisha akanitazama sana.

"Umekonda," akasema.

Nililia palepale mbele ya wagonjwa. Daktari alifurahi naye, akamwambia jicho limepona, ajilinde na moshi. Njiani kurudi mama alisoma kwa sauti rangi za kila kitu: ng'ombe mwekundu, kanzu nyeupe, shati la kijani la mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa nikipanga nitakavyomwambia akae zaidi. Nilikuwa na sababu nyingi, za moshi na majivu. Ile ya kweli, kwamba sitaki kubaki humo peke yangu, niliiweka mwisho.

Tulipofika, mume wangu alikuwa tayari juu ya paa na nyundo. Alipotuona alijilaza upande wa pili wa kilele asionekane. Sehemu kubwa ya ufa ilikuwa imezibwa. Mama alisimama nje akaitazama Laini ya Mawe kwa mara ya kwanza. Alitembea polepole pembeni mwake, fimbo kwapani, bila kushikwa mkono. Alitazama yale madirisha ya juu. Alitazama mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nami nilikuwa nimeingia chumba cha mwisho kumkunjia shuka zake, nikitafuta pa kuanzia maneno yangu.

Nikaona mlango unasukumwa ukafungika. Giza. Kisha kile kidirisha kikafunguka, na ndani yake, kwa sababu alikuwa ameinama nilivyomkataza, lilikuwepo jicho la mama yangu.

"Simama hapo hapo," akasema.

Nikasimama.

"Baba alisimamanga hapo. Mimi nilikuwa mdogo, kidirisha kilikuwa usawa wa uso wangu. Nilipitisha bakuli, mikono yake inapokea. Uso sikumwonanga."

Sikuelewa, na nikamwambia sielewi.

"Ni hapa. Hakukuwa na mji, kulikuwa na hii tu. Waliwaleta wale wa kodi. Mchana wanavunja mawe ya barabara, jioni wanaingizwa." Yale mengine mama alikuwa akiyachanganya na Kiluhya, lakini neno kodi alilitamka kwa Kiswahili, jinsi lilivyokuja kwao mdomoni mwa askari. "Kodi ya kichwa. Baba hakuwa nayo."

Juu yetu nyundo ilikuwa imesimama. Nilijua mume wangu anasikiliza. Laini nzima ilikuwa inasikiliza, juu ya kuta zote.

"Na nyinyi," mama akasema, "kodi mnalipanga?"

"Tunalipa, mama. Inakatwa kwa mshahara."

"Hamjawahi kukosa?"

"Hatujawahi."

Jicho lilibaki pale kidirishani. Lilikuwa safi, jeusi, lenye maji kidogo pembeni, na halikuwa linanilaumu. Lilikuwa linataka kujua.

"Baba walimweka hapa kwa sababu hakulipa kodi," akasema. "Nyinyi mnalipa. Kwa nini mko ndani?"

Zile sababu zangu zote za moshi na majivu zilinikaukia mdomoni, kwa maana ningewezaje kumwomba alale humo hata siku moja zaidi. Nilisimama na shuka kifuani, mahali pale pale alipokuwa akisimama babu yangu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini madirisha yako juu, kwa nini kuta hazifiki, na ule mfereji ulikuwa wa kuosha nini. Nyundo ikaanza tena. Mwanga uliokuwa umebaki ukutani ukafupika, ukawa kama uzi, ukazimika.

Kidirisha kikafungwa. Nikasikia mkono wake ukipapasa ubao, ukashuka, ukagusa chuma. Mlio ule niliujua hata usingizini.

"Niko!" nikaita.

"Najua uko," akasema mama. Mkono wake ulikawia juu ya komeo. Kisha akauvuta mlango. "Toka, mama. Unisindikize."

Nikatoka. Nilimbebea mzigo mpaka stendi, akapanda, akaketi dirishani akitazama kila kitu. Nikarudi.